Je, nchi kubwa ikikujengea reli, hiyo ni nguvu laini?

Kwa muda mrefu ningejibu ndiyo bila kusita. Uwanja wa michezo, dawa, barabara, ufadhili wa masomo: vyote nilivitia kapu moja, nikiamini nguvu laini ni kila ushawishi usiotumia bunduki. Nilikosea, na kosa hili limeenea hata kwenye taarifa za habari.

Joseph Nye, msomi wa Harvard aliyelianzisha neno hilo mwaka 1990, alieleza kwamba mtu hufanya utakalo kwa kutishwa, kwa kulipwa, au kwa kuvutiwa hadi alitake mwenyewe. Vitisho na malipo aliviweka upande wa nguvu ngumu. Mvuto peke yake ndio laini.

Wafikirie walimu watatu. Mmoja ana fimbo, na darasa linatulia. Wa pili anagawa peremende, na darasa linatulia vilevile. Wa tatu hana kimoja wala kingine, ila wanafunzi wameanza kuiga mwandiko wake bila kuambiwa. Peremende zikiisha, kelele hurudi; mwandiko hubaki hata mwalimu akihamishwa.

Sasa itazame reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa na China miaka ya 1970. Mkopo wake, ingawa haukuwa na riba, ni peremende. Mvuto ulitoka kwingine: Benki ya Dunia ilikuwa imeona reli hiyo haina faida, China ikakubali, na Wachina waliofia kazini wakazikwa huko huko Tanzania. Kuvitenganisha viwili hivyo ni kazi ngumu. China ilipopata kiti chake Umoja wa Mataifa mwaka 1971 kwa kura 76, theluthi moja hivi zikiwa za Afrika, reli na mshikamano wa ukombozi vilikuwa vimeshikana.

Tena anayevutiwa si lazima atii, na hapa ndipo jambo hili linaponisisimua zaidi. Julius Nyerere alisoma Edinburgh, akampenda Shakespeare kiasi cha kumtafsiri. Tafsiri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1963. Desemba 1965 serikali yake ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako Uingereza haikuuzima utawala wa walowezi weupe. Mwaka 1969 akatoa tafsiri nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi.