Mlango wa Bahari: Marseille na Karne Zake Ishirini na Sita

Mtu akisimama leo kwenye gati la Vieux-Port, yaani bandari ya kale ya Marseille, kusini mwa Ufaransa, huona hori isiyofika kilomita moja kwa urefu, iliyojaa mashua za starehe, na wavuvi wachache wanaouza samaki wao asubuhi. Mdomoni mwa hori hiyo zinatazamana ngome mbili, Saint-Jean upande wa kaskazini na Saint-Nicolas upande wa kusini. Sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi kumbukumbu za miji ya bandari tumezoea kuanzia hapo, kwa kuwa hori hiyo ndiyo iliyouzaa mji, na kila zama zilipobadilika, ugomvi mkubwa ulihusu nani ashike ufunguo wa mlango wake.

Wageni wa kwanza tunaowajua kwa uhakika walikuwa Wagiriki wa Phocaea, mji uliokuwa kwenye pwani ya magharibi ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Walifika karibu mwaka 600 KK na kuuita mji wao Massalia. Masimulizi ya kale yanasema kwamba siku waliyotia nanga, mfalme wa wenyeji alikuwa akimwoza binti yake, Gyptis, na desturi ilimtaka binti mwenyewe ampe kikombe mwanamume amtakaye. Akampa Protis, mmoja wa wageni. Hadithi za namna hii, za mgeni wa baharini anayepewa mke na ardhi, msomaji wa pwani yetu anazijua vizuri, na huenda zimehifadhi kumbukumbu ya mapatano ya kweli kuliko kumbukumbu ya harusi. Lisilo na shaka ni kwamba Wagiriki hao walileta mizabibu na mizeituni, wakafanya biashara ya divai na watu wa bara, na katika karne ya 4 KK baharia wao Pytheas akasafiri kaskazini hadi visiwa vya Uingereza na kupita huko.

Mwaka 49 KK mji ulichagua upande usiofaa katika vita vya Waroma: ulimuunga mkono Pompeius, nao ukazingirwa na majeshi ya hasimu wake, Julius Caesar, hadi ukasalimu amri na kupoteza merikebu zake, hazina yake na sehemu kubwa ya uhuru wake. Masalia ya gati la zama hizo yaligunduliwa mwaka 1967, mafundi walipokuwa wakichimba msingi wa jengo la maduka katikati ya mji, mahali ambapo maji ya bandari yalikuwa yamekwisha kurudi nyuma kwa karne nyingi.

Katika zama za kati mdomo wa hori ulifungwa kwa mnyororo mzito wa chuma kila palipokuwa na hatari. Mwaka 1423 majeshi ya mfalme Alfonso wa Aragón yaliukata, yakaupora mji kwa siku kadhaa, kisha yakauchukua mnyororo wenyewe kama nyara. Hadi leo umetundikwa katika kanisa kuu la Valencia, Hispania. Mji ukarudi kujijenga polepole, na mwaka 1481, pamoja na jimbo lote la Provence, ukaingia mikononi mwa mfalme wa Ufaransa.

Kuingia huko hakukumaanisha utii. Watu wa Marseille waliendelea kujiona raia wa mji wao kwanza, na mwaka 1660 Louis XIV alikuja na jeshi kuwakomoa. Alipita katika sehemu ya ukuta iliyobomolewa makusudi, kama mtekaji anavyoingia mji alioushinda, kisha akaamuru ijengwe ngome ya Saint-Nicolas, ambayo baadhi ya mizinga yake ilielekezwa mjini badala ya baharini. Lakini mfalme huyohuyo, kwa ushauri wa waziri wake Colbert, alitoa amri mwaka 1669 iliyoifanya Marseille kuwa bandari huru, na kuzitoza kodi ya asilimia 20 bidhaa za nchi za Levant, yaani pwani za mashariki za Bahari ya Kati, ambazo hazikupitia bandari hiyo. Ufunguo ulikuwa wa mfalme, faida ikawa ya wafanyabiashara, na ni faida hiyo inayoeleza msiba uliofuata.

Kila merikebu iliyotoka Levant ilipaswa kuwa na cheti cha afya kutoka bandari ilikopakia, na kulingana na cheti hicho, watu na shehena waliwekwa karantini kwa siku kadhaa nje ya mji. Utaratibu huu ulikuwa mzuri, na kwa miaka mingi uliulinda mji. Tarehe 25 Mei 1720 ilifika merikebu iitwayo Grand Saint-Antoine, ikiwa imebeba marobota ya pamba na hariri. Njiani walikuwa wamekufa abiria mmoja, mabaharia kadhaa na tabibu wa chombo, na bandari ya Livorno, Italia, ilikuwa imekataa kuipokea. Kwa kanuni zilizokuwapo, chombo cha namna hiyo kilistahili kupelekwa kwenye kisiwa cha mbali cha Jarre pamoja na shehena yake yote. Hata hivyo bidhaa zilikuwa za thamani kubwa, soko la mwaka la Beaucaire lilikuwa linakaribia mwezi Julai, na miongoni mwa wenye mali alikuwamo Jean-Baptiste Estelle, diwani wa kwanza wa mji. Marobota yakaruhusiwa kushushwa katika maghala ya karantini jirani kabisa na mji, na kutoka hapo vitambaa vikapenya kwa magendo, pamoja na viroboto wake waliobeba tauni.

Mwezi Juni wakaanza kufa watu katika mitaa ya maskini. Wakubwa wa mji walisita kulitaja jina la ugonjwa, maana kulitaja ni kufunga bandari, na kufunga bandari ni kufunga riziki. Kufikia Agosti walikuwa wanakufa hata watu elfu moja kwa siku. Kwenye uwanda wa La Tourette maiti zilioza juani hadi afisa mmoja, Nicolas Roze, alipowaongoza askari na wafungwa wa merikebu za makasia kuzizika, kazi ambayo wafungwa wachache tu walitoka nayo wakiwa hai. Katika mji wa watu wapatao 90,000, karibu nusu walikufa, na tauni ikaenea Provence nzima, ingawa serikali ilijenga ukuta wa mawe milimani kuwazuia watu wasipite. Nahodha wa Grand Saint-Antoine, Chataud, alifungwa katika ngome ya kisiwa cha If; Estelle akaja kupewa cheo cha ukabaila. Merikebu yenyewe iliteketezwa kwa moto karibu na Jarre mwezi Septemba, na mabaki yake yaligunduliwa na wapiga mbizi mwaka 1978.

Mapinduzi ya Ufaransa yaliupa mji sifa ya dunia nzima kwa njia ya bahati. Wimbo wa vita uliotungwa Strasbourg na Rouget de Lisle mwaka 1792 uliimbwa na wanamgambo wa Marseille wapatao 500 waliokwenda Paris kwa miguu, na kwa hiyo wimbo wa taifa la Ufaransa huitwa La Marseillaise hadi sasa. Muda si mrefu mji ukaasi dhidi ya serikali hiyohiyo ya mapinduzi, na mwanzoni mwa 1794 ukaadhibiwa kwa kunyang'anywa hata jina: kwa wiki chache uliitwa Mji Usio na Jina.

Karne ya 19 ndiyo inayotugusa sisi moja kwa moja. Ufaransa ilipoivamia Algeria mwaka 1830, Marseille ikawa mlango wa himaya. Hori ya kale ikaelemewa, na mwaka 1853 ikafunguliwa bandari mpya ya La Joliette. Viwanda vya sabuni, ambavyo amri ya mwaka 1688 ilikuwa imevitaka vitumie mafuta ya zeituni peke yake, sasa vilihitaji mafuta ya bei nafuu zaidi. Yakatafutwa mawese na karanga Afrika Magharibi, ufuta na mbata katika pwani ya Zanzibar. Sultani Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Ufaransa mwaka 1844, na wafanyabiashara wa Marseille wakaweka mawakala Unguja. Mkulima aliyepura ufuta wake bara hakujua kwamba ungeishia katika kipande cha sabuni huko Provence. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli za mvuke za kampuni ya Messageries Maritimes ziliiunganisha Marseille na Zanzibar, Ngazija, Madagaska na Réunion.

Meli hizo hazikubeba bidhaa tu. Mabaharia na wachochea makaa wa Kikomori waliajiriwa humo, wengine wakabaki Marseille, na baada ya uhuru wa Komori mwaka 1975 wakafuatwa na jamaa zao kwa makumi ya maelfu. Kabla yao walikuwa wametangulia Waitalia, Waarmenia waliokimbia mauaji ya miaka ya 1915 na kuendelea, na mwaka 1962 mamia ya maelfu ya walowezi waliotoka Algeria.

Katikati ya hayo yote kilikuja kipigo cha vita. Januari 1943 Wajerumani na polisi wa Ufaransa waliwatoa watu wapatao 20,000 kwenye mitaa ya kaskazini mwa hori, wakawapeleka Wayahudi wengi katika kambi za mauti, kisha Wajerumani wakailipua mitaa hiyo nyumba baada ya nyumba. Mji ulikombolewa Agosti 1944. Majengo ya mawe yaliyojipanga leo upande huo wa gati ni ya baada ya vita.

Tangu miaka ya 1960 meli kubwa za mafuta na makontena zimehamishiwa Fos, umbali wa kilomita 50 hivi upande wa magharibi. Hori ya Wagiriki imebaki na mashua na wavuvi wake, na kwenye mitaa ya nyuma yake, siku za harusi, husikika Kikomori, lugha ambayo Mswahili akiitegea sikio haimpiti yote.