Chaguo-msingi maana yake si chaguo bora

Chaguo-msingi ni jibu ambalo programu hulitumia wewe usipojibu. Halina maana nyingine zaidi ya hiyo.

Nalisema hili kwa sababu mwezi huu nimesikia tena neno hilo likishikwa kama hirizi. Kijana mmoja aliniletea kompyuta ya babake, wakala wa kutoa mizigo hapa Kilindini. Alikuwa ameondoa Windows akaweka mwenyewe Debian, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na hati zote za kazi zilikuwa "kwenye D", ambayo yeye aliihesabu kuwa diski nyingine. "Ami, mimi sikugusa kitu. Kila mahali niliacha chaguo-msingi." Diski ilikuwa moja. C na D zilikuwa sehemu zake mbili tu, naye alifuata njia ya kutumia diski yote, zikafutika zote.

Naona kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Waliotafsiri walituletea "msingi", na mtu wa Mombasa akisikia msingi huona mawe yaliyoshindiliwa chini ya nyumba, kitu ambacho fundi amekipima na kukiamini. Neno la Kiingereza, "default", halina uzito huo hata kidogo. Limetoka katika Kifaransa cha kale, kwa maana ya kukosa au kupungukiwa. Kortini ni hukumu inayotolewa mtu asipofika kujitetea. Katika mikopo sote twalijua: fulani amedifoti, yaani ameshindwa kulipa. Katika kompyuta, aliyekosa kusema ni wewe, na programu ikasema badala yako. Linalokaribiana zaidi na mila zetu ni bibi harusi anapoulizwa idhini akanyamaza, kimya chake kikahesabiwa ridhaa. Kimya hicho ni jibu kamili, lakini hakimchunguzi bwana harusi. Hiyo ni kazi ya walii, msimamizi wake wa ndoa, na hufanywa mapema.

Pendekezo ni kitu kingine, na likiwepo huandikwa. Debian ikigawa diski yenyewe hukupa mipango kadhaa, ikiwamo hii: kila kitu katika sehemu moja; /home, yaani folda ya hati za watumiaji, peke yake; au /home, /var (data ya mfumo inayobadilika) na /tmp (faili za muda) kila moja mbali. Wa kwanza ndio uliotangulia kuwekewa alama, na umeandikwa kuwa unapendekezwa kwa watumiaji wapya. Kwa watumiaji wapya! Anayeendesha seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, ana hesabu nyingine, kwa kuwa kumbukumbu za matukio ndani ya /var zikifurika hujaza diski nzima mfumo ukakwama. Na kwa ofisi kama ya yule mzee, ningetenga /home, ili siku ya kuweka mfumo upya sehemu hiyo iachwe bila kufomatiwa na hati zibaki salama.

Kuna jambo moja nilimwonyesha yule kijana, polepole, maana machozi yalikuwa karibu. Kabla ya kuandika chochote kwenye diski, Debian huuliza kwa mara ya mwisho kama iyaandike mabadiliko hayo. Chaguo-msingi la swali hilo ni "Hapana". Mwanangu, pale ulichagua mwenyewe. Ungeliacha chaguo-msingi, hati za babako zingekuwapo.