Mabonge meusi kwenye magofu ya Wajerumani si dalili ya dhahabu
Ujumbe unaozunguka tena na tena katika makundi ya WhatsApp unadai kwamba mabonge meusi, mazito, yanayookotwa kwenye magofu ya nyumba na karakana za wahunzi za enzi ya Mjerumani nchini Tanzania huonyesha palipofukiwa dhahabu. Kwa kawaida hayo ni mavi ya chuma, yaani taka za moto wa mhunzi: ukilivunja bonge utaona vitundu vya hewa, na mara nyingi sumaku hulinasa. Mkanganyiko unaeleweka, kwani mwaka 1916 sarafu za dhahabu za rupia 15 zilipigwa kweli Tabora, lakini zilikusudiwa kutumika, si kufukiwa. Anayechimba huvuruga tabaka za udongo zinazosimulia kazi ya mhunzi, nazo hazirudishiki. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo.