Mdororo wa uchumi hutangazwa na nani, na kwa kipimo kipi?

Tarehe 28 Julai 2022 Marekani ilitoa makadirio yaliyoonyesha kuwa pato lake la taifa limeshuka kwa robo mwaka ya pili mfululizo: asilimia 1.6 katika robo ya kwanza, kisha 0.9. Jioni hiyo ungeweza kuketi na rimoti, kituo kimoja kikakwambia nchi imeshaingia kwenye mdororo, kingine kikakueleza kwa subira kwa nini haujaingia. Takwimu zilikuwa zile zile.

Kazi yangu ni takwimu za pato la taifa, na waandishi wanaponipigia simu huwa wanataka jibu la ndiyo au hapana kabla gazeti halijaenda mtamboni. Nawaelewa. Lakini jibu hutegemea kipimo.

Kipimo cha robo mbili, kinachosema kwamba pato likishuka kwa robo mbili mfululizo basi ni mdororo, kilipata umaarufu mwaka 1974, Julius Shiskin, mtakwimu wa serikali ya Marekani, alipoandika kukihusu katika New York Times. Shiskin alitaja vigezo kadhaa, ajira na uzalishaji viwandani vikiwemo. Magazeti yakashika kimoja, kile kinachotosha kwenye kichwa cha habari.

Marekani yenyewe huwaachia kazi hiyo wachumi wa kamati ya taasisi ya utafiti ya NBER. Hawa hutazama kipato halisi cha watu, ajira, matumizi na uzalishaji, wakiuliza anguko ni kubwa kiasi gani, limesambaa wapi na limedumu kwa muda gani. Ndiyo maana miezi miwili tu ya mwaka 2020 waliiita mdororo, na mwaka 2001 pia, ingawa mwaka huo pato halikushuka kwa robo mbili zinazofuatana. Katikati ya 2022 ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 3.6 na waajiri walikuwa bado wanaajiri. Kamati haikutangaza kitu.

Sasa rudi nyuma hadi 2008. Ajira zilikuwa zikipotea tangu Januari, lakini makadirio ya pato yaliyokuwa yakitolewa bado yalionyesha ukuaji mdogo. Rais Bush alikuwa akisema uchumi umepunguza kasi tu, na waliomtetea walikuwa na kanuni ya robo mbili mkononi: hazijashuka, basi hakuna mdororo. NBER ilisema tarehe 1 Desemba 2008, uchaguzi ukiwa umeshapita, kwamba mdororo ulianza Desemba 2007. Mwaka 2022 kanuni hiyo hiyo ilihamia upande wa pili. Safari hii wapinzani wa Biden ndio walioishikilia, na Ikulu ikajificha nyuma ya NBER. Mwamba ngoma huvutia kwake, na vyombo vya habari navyo vina upande wao.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, siasa si upendeleo mbaya kuliko wote. Mbaya zaidi ni mapenzi ya namba ya kwanza. Aprili 2012 Uingereza ilitangaza kwamba imerudi kwenye mdororo, na habari hiyo ikabishaniwa bungeni na magazetini kwa miezi. Juni 2013 watakwimu walipopitia upya hesabu, robo ya kwanza ya 2012 ikageuka kuwa sifuri. Mdororo ule haukuwahi kutokea. Marekani nayo, ilipofanya mapitio ya Septemba 2024, ilikuta robo ya pili ya 2022 ilikuwa na ukuaji kidogo. Nani aliisoma habari hiyo kwenye ukurasa wa mbele?

Huku kwetu kuna tatizo jingine, linalotokana na kunakili habari za mashirika ya nje. Marekani huandika mabadiliko ya robo kana kwamba yataendelea kwa kasi hiyo mwaka mzima. Ile 0.9, ukiirudisha kwenye robo yake, ni kama 0.2. Uingereza haifanyi hivyo: anguko la 0.3 lililotangazwa Februari 2024 ni la robo yenyewe. Mhariri akiziweka sambamba, Marekani itaonekana imeanguka mara tatu zaidi, wakati Uingereza ndiyo iliyoshuka zaidi.

Kenya na Tanzania nazo kwa kawaida hulinganisha robo na robo kama hiyo ya mwaka uliopita. Kenya ilipotangaza kwamba pato la robo ya pili ya 2020 lilishuka kwa zaidi ya asilimia 5 na la robo ya tatu kwa 1.1, baadhi ya magazeti yaliandika kwamba nchi imeingia kwenye mdororo. Kushuka kulikuwepo, na shule zilizofungwa zilichangia sana. Lakini kwa kuwa namba zote mbili zilipimwa dhidi ya 2019, hazikumwonyesha msomaji kwamba kati ya Julai na Septemba shughuli zilikuwa zimeshaanza kurudi. Habari ya "kuingia" iliandikwa wakati uchumi ulikuwa umeanza kutoka.