Bima za bei poa za Marekani: siasa iliyojificha kwenye idadi ya miezi

Mwaka 2016 serikali ya Obama iliamua kwamba bima ya afya ya muda mfupi, ile ya bei poa ya kumvusha mtu aliye kati ya bima moja na nyingine, isifikishe miezi mitatu. Mwaka 2018 serikali ya Trump ikairudisha kwenye siku 364 kama ilivyokuwa zamani, na juu yake ikaruhusu iongezwe hadi kufikia miezi 36. Mwaka 2024 serikali ya Biden ikaibana tena: miezi mitatu, na nyongeza ya mwezi mmoja tu. Agosti 2025 Trump, akiwa amerudi Ikulu, serikali yake ikatangaza kwamba kuwabana wanaokiuka kanuni ya Biden si kipaumbele chake.

Muda wote huo Bunge halikupitisha sheria ya kubadili idadi hiyo ya miezi; zilibadilika kanuni za serikali tu. Kazi yangu ni kusoma mikataba ya bima ya afya, na nimeshazoea kuona watu wakipitiliza habari za kanuni kama hizi kwa sababu zinachosha. Naomba usiipitilize hii. Ndani ya idadi hiyo ya miezi kuna uamuzi mzito kuhusu nani atalipia matibabu ya nani.

Sheria ya mwaka 2010, ile inayojulikana kama Obamacare, iliweka masharti ambayo yalianza kufanya kazi kikamilifu Januari 2014. Kampuni haiwezi kumkataa mtu kwa sababu tayari ana kisukari, wala kumtoza zaidi kwa sababu hiyo. Haiwezi kuweka kikomo cha fedha itakazolipa kwa mwaka au maishani kwa huduma za msingi. Na huduma hizo za msingi, makundi kumi kwa jumla, zikiwemo uzazi, dawa, afya ya akili na dharura, lazima ziwemo kwenye bima ya mtu binafsi. Bima ya muda mfupi haihesabiwi kama bima ya kawaida ya mtu binafsi, kwa hiyo masharti yote hayo hayaigusi. Ilikusudiwa mtu aliye katikati ya kazi mbili. Ukiipa siku 364 na nafasi ya kuiongeza, inakuwa bima kamili kwa sura, na mshindani wa bima iliyobanwa na sheria.

Unafuu wake unatoka wapi? Mwaka 2018 watafiti wa Kaiser Family Foundation, taasisi ya kuchunguza sera za afya, walichambua bima za aina hii zilizokuwa zikiuzwa mtandaoni. Asilimia 43 hazikugharamia afya ya akili. Asilimia 71 hazikugharamia dawa za kununua nje ya hospitali. Uzazi haukugharamiwa na hata moja. Soma takwimu hizo kwa jicho la mwanamke wa miaka 28 anayetafuta bima, utaelewa ni nani ameachwa nje bila kutajwa.

Lakini ninachokiona kibaya zaidi hakionekani kwenye jedwali la huduma. Mtu hujibu maswali machache ya afya kwa simu, anakubaliwa siku hiyohiyo, anaanza kulipa ada kila mwezi. Akiugua sana, ndipo kampuni inapoagiza rekodi zake za hospitali za miaka kadhaa nyuma. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema ugonjwa uliokuwepo kabla haulipiwi, na kwamba unahesabiwa kuwa ulikuwepo hata kama haujawahi kupimwa, ilimradi kulikuwa na dalili ambazo mtu mwenye busara angezitafutia tiba. Fikiria maana yake. Uliumwa mgongo mwaka jana, ukanywa dawa ya maumivu ukaendelea na kazi. Mwaka huu madaktari wanakuta saratani kwenye uti wa mgongo. Yale maumivu sasa ndiyo sababu ya kukataliwa dai. Ulilipa ada bila kukosa, nao walikuchunguza baada ya kuugua.

Ndiyo maana fedha nyingi hubaki kwa muuzaji. Obamacare inaitaka kampuni inayouza bima za watu binafsi itumie angalau asilimia 80 ya ada kwenye matibabu na kuboresha huduma. Ikishindwa, irudishe tofauti kwa wateja. Kamati ya Nishati na Biashara ya Baraza la Wawakilishi ilipochunguza bima za muda mfupi, ripoti yake ya Juni 2020 ilikuta kwamba kwa wastani hata nusu ya ada haikwenda kwenye matibabu.

Warepublican wana hoja, na ni haki isikilizwe: mtu asiye na kitu, heri apate kidogo. Hoja hiyo ina nguvu kwa sababu upande wa mageuzi uliipa nguvu. Obama aliahidi mara nyingi kwamba anayeipenda bima yake atabaki nayo. Mwishoni mwa 2013 mamilioni walipokea barua za kusitishiwa bima zao zisizotimiza masharti mapya, naye Novemba mwaka huo akaomba radhi kwenye televisheni. Nyingi ya bima zile zilikuwa mbovu kweli. Lakini aliyepokea barua hakuambiwa ubovu wake. Aliambiwa bei mpya. Hasira ile ilikuwa na msingi.

Bei yenyewe ilikuwa na genge, yaani mahali ambapo msaada wa serikali ulikatika ghafla. Hadi mwaka 2020 mwenye kipato cha zaidi ya asilimia 400 ya kipimo cha umaskini, yaani mara nne yake, hakupata ruzuku ya serikali ya kulipia ada, hata senti moja. Mkulima mwenye miaka 60 aliyevuka mstari huo kidogo angeweza kulipa sehemu kubwa ya kipato chake kwa bima halali. Mtu huyo akinunua bima mbovu, mimi simlaumu. Mwaka 2021 Bunge liliondoa genge hilo, likaweka kwamba ada ya bima ya kiwango cha kati isizidi asilimia 8.5 ya kipato. Nyongeza hiyo ilikuwa na mwisho wake, Desemba 2025, na mvutano juu yake ndio uliokuwa kiini cha shughuli nyingi za serikali kufungwa kwa siku 43 kuanzia Oktoba 1 mwaka huohuo. Ikaisha bila kurefushwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaotaka tu bima mbovu zipigwe marufuku. Marufuku bila ruzuku humwacha yule mkulima mikono mitupu. Ruzuku bila marufuku nayo huwaruhusu wauzaji kuwachota vijana wenye afya, na wanaobaki kwenye bima halali ni wale wenye gharama kubwa, ada zikipanda kila mwaka. Mambo hayo mawili yaende pamoja au yote yatakwama.

Kwa sasa uamuzi umeangukia majimboni. California ilizipiga marufuku bima za muda mfupi kwa sheria ya 2018. Tennessee, tangu 1993, inaruhusu chama cha wakulima kuuza mipango ya afya ambayo kisheria haiitwi bima kabisa, na Iowa, Kansas, Indiana na Texas zimefuata njia hiyo. Katika mipango hiyo mwombaji huulizwa historia ya afya yake na anaweza kukataliwa, na kwa kuwa si bima kisheria, mwanachama akinyimwa dai hana kamishna wa bima wa kumpelekea malalamiko.