Kwa Nini Nyongeza Zenu Kuhusu Ngomeni Hufutwa Katika Makala ya Anga-nje

Tangu tuwaalike wasomaji wa maktaba yetu hapa Malindi kusaidia kuboresha makala ya anga-nje katika Wikipedia ya Kiswahili, dawati la marejeo limekuwa likipokea malalamiko ya namna moja: mtu ameandika usiku habari za Ngomeni, kijiji cha pwani yetu ambacho setilaiti zilirushwa kutoka baharini mkabala nacho, na asubuhi amekuta zimefutwa. Wako wanaosema kwamba ni dharau kwa watu wa Pwani, na wako wanaotutaka sisi tuyarudishe maandishi yao. Ieleweke kwamba maktaba haina mamlaka yoyote juu ya kamusi elezo hiyo. Wanaofuta ni wahariri wa kujitolea, na wenye uwezo wa kulinda ukurasa au kumzuia mhariri ni wakabidhi wanaoteuliwa na wahariri wenzao. Sisi tunasaidia kutafuta marejeo na kueleza utaratibu, basi.

Nitachukua sentensi moja, kwa kuwa inafanana na nyingi tulizoonyeshwa: "Mwaka 1970 Kenya ilirusha setilaiti yake ya kwanza, Uhuru, kutoka Malindi, ikapita mawingu na kuingia anga-nje ambako hakuna graviti." Aliyeiandika alikuwa na nia njema, na mwaka ameupata sawasawa. Yaliyobaki yana kasoro karibu yote.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya NASA, shirika la anga la Marekani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 na timu ya Waitaliano, kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout, kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, mkabala na Ngomeni. Iliitwa hivyo kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, na jina peke yake halihamishi umiliki. Setilaiti ya kwanza ya Kenya ni ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Mei 2018; Taifa-1 ilifuata tarehe 15 Aprili 2023, ikibebwa na roketi ya Falcon 9 kutoka California. Inashangaza kwamba kosa hili hurudiwa na watu ambao majukwaa yenyewe huyaona wakiwa wamesimama ufukweni.

Mawingu nayo si mpaka wa anga-nje. Kipimo kinachotumiwa zaidi ni Mstari wa Kármán, ulio kilomita 100 juu ya usawa wa bahari, umbali mfupi kuliko safari ya gari kutoka hapa hadi Mombasa. Jeshi la Anga la Marekani, kwa upande wake, huhesabu kuanzia takriban kilomita 80. Makala nzuri hutaja vipimo vyote viwili na kueleza ni nani anayetumia kipi, kwa kuwa hewa haikomi ghafla mahali pamoja, bali hupungua kadiri mtu anavyopanda. Ama kuhusu graviti, hili tumelieleza mara nyingi mno. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, takriban kilomita 400 juu yetu, mvutano wa Dunia bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa hapa chini. Wanaanga huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, huku mwendo wao wa takriban kilomita 28,000 kwa saa ukiwafanya waizunguke Dunia badala ya kuigonga. Kama graviti ingekuwa inaishia mawinguni, Mwezi usingebaki kwenye njia yake, na hakuna mvuvi wa Ngomeni ambaye angewahi kuyaona maji ya bamvua, yanayojaa sana kwa mvutano wa Mwezi na Jua.

Kinachostahili kubaki katika makala ni jambo ambalo waandishi wetu wengi wameliruka. Hewa ya Dunia hufyonza eksirei zinazotoka angani, hivyo darubini iliyo ardhini haiwezi kuzipokea. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa mahususi kwa uchunguzi wa eksirei hizo. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, vikiwemo vile ambamo nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichosongamana sana cha nyota iliyolipuka, hunyonya gesi ya nyota iliyo jirani yake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2002. Sentensi mbili au tatu za namna hiyo, zenye marejeo, zinatosha katika makala ya anga-nje. Habari za setilaiti tisa zilizopelekwa na roketi za Scout kutoka San Marco kati ya mwaka 1967 na 1988, na za faida ya kurushia karibu na ikweta, ziwekwe katika makala ya kituo chenyewe.

Liko pia dai kwamba anga-nje iliyo juu ya Pwani ni mali ya Kenya. Mkataba wa Anga-nje wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha anga-nje, ingawa hautaji inaanzia kimo gani. Ni kweli kwamba mwaka 1976, mjini Bogotá, Kenya ilijiunga na nchi nyingine za ikweta kudai haki juu ya njia ya mzunguko iliyo takriban kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako setilaiti huonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja. Dai hilo halikukubaliwa kimataifa. Habari hii ingeifaa sana makala, mradi iandikwe kama dai na si kama sheria.

Utaratibu ni huu, na tunaomba usomwe wote kabla ya mtu kuja dawatini. Fungua akaunti. Kila dai linaloweza kupingwa liwekewe rejeo papo hapo mwishoni mwa sentensi, likiwa na mwandishi, jina la chapisho, mchapishaji, mwaka na ukurasa. Simulizi ya mzee aliyefanya kazi jukwaani ni hazina, lakini hadi ichapishwe na chombo kinachowajibika kwa maneno yake, haipokelewi hata ikiwa kweli tupu, kwa sababu msomaji aliyeko Kigoma hana njia ya kuihakiki. Jaza muhtasari wa mabadiliko kabla ya kuhifadhi. Ukifutiwa, usirudishe maandishi yaleyale. Fungua historia ya ukurasa, soma sababu iliyotolewa, kisha jieleze katika ukurasa wa majadiliano na usubiri jibu. Anayerudisha mara kwa mara kwa kawaida huonywa kwanza katika ukurasa wake wa mtumiaji, na akiendelea anaweza kuzuiwa kuhariri kwa saa kadhaa, siku kadhaa, au bila kikomo. Kufungua akaunti ya pili ili kukwepa kizuizi huongeza adhabu, na akaunti zote mbili zinaweza kufungwa. Rufaa huandikwa huko huko, si kwa kupiga simu maktaba.

Maandishi yaliyonakiliwa neno kwa neno kutoka gazetini au katika kitabu cha shule hufutwa hata yakiwa na rejeo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huyalinda maandishi hadi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Kinacholindwa ni maneno yake. Ukweli wenyewe unaweza kuusimulia kwa maneno yako. Wenye picha za zamani za majukwaa wasizipakie kwa sababu tu zimo katika albamu ya nyumbani, kwani mwenye karatasi ya picha huenda si mwenye haki. Aliyeipiga, au warithi wake, ndiye wa kuulizwa kwanza, na aelezwe wazi kwamba leseni inayotumika humruhusu mtu yeyote kuitumia picha hiyo, hata kibiashara, na kwamba akishaitoa hawezi kuibatilisha.