Je, wajua kwa nini benki humtoza fedha mtu asiye na fedha?

Akaunti ina pauni 12. Usiku wa manane kompyuta ya benki inapokea dai la pauni 15 kutoka kampuni ya umeme, malipo ya kila mwezi ambayo mwenye akaunti aliyaidhinisha zamani. Zimepelea pauni 3. Benki inalikataa dai hilo, kisha inamkata mteja pauni 35 kwa kulikataa. Sasa akaunti iko chini ya sifuri kwa pauni 23. Siku chache baadaye kampuni inaleta dai lake tena, linadunda tena, zinakatwa pauni 35 nyingine. Upungufu wa pauni 3 umezaa makato ya pauni 70, na bili ya umeme bado haijalipwa hata peni moja.

Hesabu hiyo ni ya mfano, lakini viwango vyake ni vya kweli. Katikati ya miaka ya 2000 benki kubwa za Uingereza zilitoza pauni 30 na zaidi kila malipo yalipodunda, nyingine zikifika pauni 39. Uingereza ndiko suala hili lilikofikishwa mahakamani hadi ngazi ya mwisho, na huko ndiko linakoweza kuchambuliwa vizuri. Kiini chake ni hiki: makato haya ni faini ya kosa, ni fidia ya gharama, au ni bei ya huduma? Utadhani ni ubishi wa maneno. Ndiyo yaliyoamua kesi nzima.

Fedha zikipelea, benki ina njia mbili. Inaweza kulikataa dai, ikatoza ada ya kukataa. Au inaweza kulilipa ijapokuwa salio halitoshi, yaani ikakukopesha bila makubaliano ya awali, ikatoza ada ya kulipa. Mkopo wa njia hiyo ya pili ndio ovadrafti isiyopangwa. Juu yake benki nyingi ziliongeza riba, na ada nyingine ya mwezi kwa kuvuka kikomo. Mteja mmoja, kwa upungufu mmoja, angeweza kukatwa kwa majina matatu.

Sasa tazama gharama yenyewe. Kukataa dai ni kazi ya kompyuta: inalinganisha namba mbili, inarudisha ujumbe kwa benki ya mdai, inachapa barua kwa mteja. Kulilipa kuna gharama zaidi, kwa sababu wapo wasiorudisha mkopo, na hasara hiyo ni halisi. Lakini ukubwa wa hatari hiyo hutegemea mambo mawili, kiasi ulichokopa na muda uliokaa nacho. Riba hupima yote mawili. Ada ya mkupuo haipimi hata moja: aliyepelea pauni 3 kwa siku moja analipa sawa na aliyepelea pauni 300 kwa wiki tatu. Hapo ndipo dosari ilipo, na dosari hiyo haiondoki hata benki ikiandika ada zake kwa herufi kubwa kiasi gani.

Vuguvugu lilianzia kwenye kadi za mkopo. Aprili 2006 Office of Fair Trading, mamlaka iliyosimamia haki za walaji wakati huo, ilitangaza kwamba ada ya kuchelewa kulipa kadi ikizidi pauni 12 itachukuliwa kuwa si ya haki. Watoaji wa kadi wakashuka hadi hapo. Wateja wakauliza swali la wazi: ikiwa kuchelewa kulipa kadi ni pauni 12, kwa nini malipo yaliyodunda yawe 35? Maelfu walifungua madai katika mahakama za chini, na mara nyingi benki zilirudisha fedha kabla shauri halijasikilizwa. Julai 2007 pande zote zilikubali kupeleka kesi moja ya mfano: mamlaka hiyo dhidi ya benki saba na Nationwide, taasisi ya akiba na mikopo ya nyumba inayomilikiwa na wanachama wake.

Aprili 2008 Jaji Andrew Smith alitoa uamuzi wenye pande mbili. Kwanza, ada hizo si faini kisheria, kwa sababu mteja hajavunja mkataba. Kwa mujibu wa masharti ya akaunti, ukiagiza malipo bila fedha za kutosha huwa hujakosea: umeomba mkopo, na benki ina hiari ya kukubali au kukataa. Mtu aliyesahau tarehe ya bili atashangaa kuambiwa kwamba usiku ule, akiwa usingizini, aliwasilisha ombi la mkopo. Ndivyo mikataba ilivyoandikwa. Pili, jaji alisema ada hizo zinaweza kupimwa kama ni za haki, chini ya kanuni za mwaka 1999 kuhusu masharti dhalimu katika mikataba ya walaji. Mahakama ya Rufani ilimuunga mkono Februari 2009.

Tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza, iliyokuwa imefunguliwa chini ya miezi miwili tu kabla, ilitengua upande huo wa pili kwa kauli moja. Kanuni za 1999 zilikuwa na kinga: sharti likiwa limeandikwa kwa lugha nyepesi, haki yake haiwezi kupimwa kwa kulinganisha bei na huduma inayotolewa. Majaji walisema ada za ovadrafti ni sehemu ya bei ya huduma nzima ya akaunti. Ushahidi mmojawapo ulikuwa wa kutisha: ada hizo zilileta zaidi ya asilimia 30 ya mapato yote ambayo benki zilipata kwenye akaunti za watu binafsi. Kitu kinacholeta karibu theluthi ya mapato hakiwezi kuitwa jambo la pembeni.

Watu wengi bado husema mahakama iliamua kwamba ada zile zilikuwa za haki. Haikuamua hivyo. Iliamua kwamba haki yake haiwezi kupimwa kwa kipimo kile, na majaji wenyewe walitahadharisha jambo hilo. Tofauti hii ni muhimu kwa yeyote anayetaka kudai arudishiwe fedha zake, kama tutakavyoona.

Kwa nini basi benki zijenge mapato juu ya wateja wenye shida? Kwa sababu akaunti ya kawaida Uingereza hutolewa bure, ilimradi salio liwe juu ya sifuri. Hakuna ada ya mwezi, hundi hazilipiwi, kadi hailipiwi. Lakini matawi, kompyuta na mishahara lazima vilipwe na mtu. Vililipwa na riba ndogo ambayo wenye akiba walipewa, na kwa sehemu kubwa na wale waliokuwa wakianguka chini ya sifuri. Mamlaka mpya ya udhibiti wa huduma za fedha, FCA, ilipochunguza iligundua kwamba mwaka 2016 zaidi ya nusu ya ada za ovadrafti zisizopangwa zililipwa na asilimia 1.5 tu ya wateja. Yaani mwenye mshahara mnono alikuwa anahudumiwa bure kwa gharama ya jirani yake ambaye mshahara hufika tarehe 30 na kodi ya nyumba hukatwa tarehe 28.

Upo ujanja mwingine ambao haukuonekana kwenye orodha yoyote ya ada: mpangilio wa malipo. Marekani baadhi ya benki zilikusanya malipo ya siku nzima, kisha zikayapitisha kuanzia kubwa hadi dogo. Chukua akaunti yenye dola 100, na manunuzi manne ya dola 10, 15, 20 na 90. Ukianza na madogo, matatu yanapita na ile 90 pekee inapelea: ada moja ya dola 35. Ukianza na 90, zinabaki dola 10; benki ikiilipa ile 20 kwa mkopo, salio linazama chini ya sifuri, hivyo 20, 15 na 10 zote zinapelea: ada tatu, dola 105. Fedha ni zile zile, mteja ni yule yule. Agosti 2010 Jaji William Alsup wa California aliiamuru benki ya Wells Fargo irudishe takriban dola milioni 203 kwa wateja kwa sababu ya mpangilio huo, na baada ya rufaa za miaka kadhaa amri hiyo ilisimama. Desemba 2024 mamlaka ya ulinzi wa walaji huko, CFPB, ilitoa kanuni ya kuzibana benki kubwa: zitoze dola 5, au zitoze gharama yao halisi, au ziichukulie ovadrafti kama mkopo wenye masharti ya mikopo. Bunge liliifuta na Rais Trump akatia saini Mei 2025, kabla haijaanza kutumika.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Tangu Aprili 2020 FCA imepiga marufuku ada za mkupuo kwenye ovadrafti. Benki hutoza kiwango kimoja cha riba kwa mwaka, na ovadrafti isiyopangwa hairuhusiwi kuwa ghali kuliko iliyopangwa, yaani ile iliyokubaliwa na benki mapema. Ada ya kukataa malipo nayo lazima ilingane na gharama halisi ya kuyakataa, na hapo benki kubwa kadhaa ziliiondoa kabisa. Kazi iliyotozwa pauni 35, ilipodaiwa kuthibitisha gharama yake, ikawa pauni sifuri. Sioni ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huo.

Hata hivyo mageuzi hayo yalikuwa na waliopoteza. Karibu benki zote kubwa zilipanga riba karibu asilimia 40. Kwa asilimia 39.9, kukopa pauni 100 kwa siku moja hugharimu takriban peni 9, wakati zamani ingeweza kufika pauni 5 kwa siku. Lakini aliyezoea kukaa na ovadrafti iliyopangwa ya pauni 1,000 mwezi mzima, kwa riba ya kama asilimia 19, alikuwa akilipa pauni 14 na ushee. Sasa analipa karibu 28. Binafsi naona mfumo mpya ni wa haki zaidi, kwa kuwa mzigo unafuata ukubwa wa mkopo.

Kwetu Afrika Mashariki ovadrafti iliyowafikia watu wengi haikupitia kaunta ya benki. Januari 2019 Safaricom ilizindua Fuliza kwa ushirikiano na benki za CBA, ambayo leo ni NCBA, na KCB. M-Pesa ikipelea, Fuliza inaongeza. Unatozwa asilimia 1 ya kiasi ulichoongezewa, kisha ada ya kila siku hadi umalize deni, na shilingi yoyote itakayoingia kwenye simu yako inakatwa kwanza. Ada hiyo ya siku hupangwa kwa madaraja. Daraja la juu, kuanzia shilingi 2,501 hadi 70,000, lilianza kwa shilingi 30 kwa siku, likashushwa hadi 25 Oktoba 2022. Fanya hesabu ya siku kumi kwa kiwango hicho. Aliyechukua 2,600 analipa 26 na 250, jumla 276, zaidi ya asilimia 10 ya mkopo. Aliyechukua 70,000 analipa 700 na 250, jumla 950, asilimia 1.4 hivi. Ni dosari ile ile ya ada ya mkupuo: mkopo mdogo ndio ghali. Punguzo la 2022 liliondoa ada ya siku tatu za mwanzo kwa mikopo isiyozidi shilingi 1,000, na hilo lilikuwa nafuu kwa anayekopa asubuhi akalipa jioni.

Hundi iliyodunda ni suala la namna yake, maana hapo kuna mtu wa tatu aliyetoa mali yake akiamini karatasi. Kenya, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 316A humpeleka mahakamani anayetoa hundi akijua akaunti haina kitu, na adhabu inaweza kufika faini ya shilingi 50,000 au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Ada ya benki huja juu ya hayo.

Ukikatwa, usianze na hoja kwamba ada ni kubwa mno. Hiyo ni hoja ya bei, na kesi ya 2009 inaonyesha jinsi inavyoweza kukwama. Chukua taarifa ya akaunti ya miezi 12, andika kila makato: tarehe, kiasi cha malipo, kiasi kilichopelea. Kisha tafuta mambo matatu. Je, dai moja limetozwa mara mbili baada ya kurudiwa? Je, kuna malipo yaliyodunda kwa sababu tu ada ya awali ilikwisha kula salio? Je, ada hiyo ipo kwenye orodha ya ada uliyopewa, kwa kiwango hicho hicho? Ukiwa Kenya ongeza la nne. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinakataza kupandisha ada bila idhini ya Waziri wa Fedha, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema idhini hiyo inahitajika hata kwa riba. Omba benki ikuonyeshe idhini. Uingereza benki isipokujibu kwa kuridhisha ndani ya wiki nane, Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa migogoro ya wateja na taasisi za fedha, hupokea malalamiko bila malipo.

Kuzuia ni rahisi kuliko kudai. Sogeza tarehe ya makato ya kila mwezi iwe siku tatu au nne baada ya mshahara, kwa sababu mshahara wa Ijumaa unaweza kuonekana Jumatatu. Kwenye programu ya simu usiangalie salio la kitabuni, angalia salio unaloweza kutumia, maana ununuzi wa kadi huweza kuidhinishwa leo na kukatwa baada ya siku mbili. Ukiwa Uingereza na umepata ujumbe wa asubuhi kwamba malipo yamekwama, weka fedha kabla ya saa nane mchana: benki kwa kawaida hujaribu tena siku hiyo hiyo. Na malipo yakishadunda, mpigie mdai simu siku hiyo, umlipe kwa njia nyingine, na umwombe alifute dai la marudio kabla halijafika benki kwa mara ya pili.